Sura ya Sita: Ndoo Saba

Koleo alikuwa amebakiwa na saa kumi na tisa kabla ya kupandishwa kizimbani kwa kosa la kuua, na mpelelezi alipofunguliwa mlango wa selo alimkuta amelala fofofo, mikono chini ya shavu. Hakushangaa. Mtu anayechimba mashimo kutwa hulala popote palipo na sakafu.

"Amka. Jumanne alasiri ulikuwa wapi?"

"Nilishasema, afande. Nyumbani."

"Mkeo yuko kwenye benchi hapo nje tangu asubuhi. Anasema hukuwa nyumbani."

Koleo alikaa kitako, akajifuta uso kwa kiganja. "Mwanamke yule! Kudanganya kidogo tu kwa ajili ya mumewe hawezi."

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Jumatano asubuhi mchunga mbuzi alikuta maiti ya mkaguzi wa majengo wa ofisi ya ujenzi vijijini, bwana ambaye watu wote walimwita Futi kwa sababu ya futi ya chuma aliyoning'iniza mkandani. Alilala kando ya shimo katika kiwanja cha Mama Mkunga, mkunga mstaafu wa zahanati. Alipigwa mara moja, kisogoni, kwa koleo. Koleo lile lilikuwa na alama ya moto kwenye mpini, na alama ilikuwa ya mchimbaji huyu. Kamanda wa kituo alijumlisha koleo na Koleo, akapata jibu, na jibu lile akalipenda.

"Kijiweni ulisema utamzika Futi kwenye shimo lake mwenyewe," mpelelezi alisema. "Mashahidi watano."

"Maneno ya kijiweni hayo, afande! Mama Mkunga aliomba kibali cha kujenga, akakataliwa mara tatu. Kila akikataliwa, mimi naitwa kuchimba shimo jipya la kupimia udongo. Futi alikuwa ng'ombe wangu wa maziwa. Nani anamuua ng'ombe anayemkamua?"

"Koleo lako lilifikaje pale?"

"Huwa nalilaza pale pale, juu ya matofali ya mama. Nyumbani kwangu ni mbali, na mlima unajua mwenyewe. Nina koleo lingine."

"La kuchimbia wapi Jumanne?"

Koleo alitazama mlango, kisha vidole vya miguu yake. Mpelelezi alingoja. Alikuwa na kipaji kimoja tu ambacho hata maadui zake walikikubali: aliweza kunyamaza kuliko mtu yeyote.

"Nilikuwa nachimba choo cha mtu," Koleo alisema mwishowe. "Cha muuza mbao, nyuma ya ghala. Hana kibali. Nikimtaja, choo kinafukiwa, na mimi sipati kazi tena hapa mpaka nife."

"Kwa hiyo ukaona bora unyongwe."

"Nilidhani mtampata muuaji mwenyewe kabla ya Ijumaa."

Mpelelezi aliandika. Kisha akauliza swali ambalo halikuwa kwenye karatasi yake. "Futi akipima, maji ya kumwaga shimoni anatoa wapi?"

"Analeta mwenye kiwanja. Ndiyo sheria yao. Futi alikuwa habebi maji hata ya kunywa."

Muuza mbao alikana kwa dakika kumi, akakubali kwa dakika moja. Ndiyo, mchimbaji alikuwa nyuma ya ghala lake kuanzia adhuhuri hadi jua linazama. Ila hatasema hayo mahakamani. Choo ni choo, alisema, na kila mtu abebe msalaba wake. Kamanda alipoambiwa, alijibu kuwa shahidi asiyefika mahakamani ni hewa, na Ijumaa iko pale pale.

Mpelelezi alirudi mezani kwake akasoma upya orodha ya vitu vya marehemu. Futi moja ya chuma. Penseli moja. Msumari mmoja wa inchi nne. Fomu moja ya ofisi, imekunjwa mara nne, mfuko wa shati. Suruali, tope magotini. Bendeji ya hospitali, imefungwa kuanzia utosini kupita chini ya kidevu.

Alikaa na mstari huo wa mwisho. Askari walioandika walidhani mchunga mbuzi ndiye aliyemfunga marehemu kidevu. Mchunga mbuzi aliapa kwamba hakumgusa. Alikimbia hata mbuzi akawaacha. Basi kuna mtu alimpasua mwenzake kichwa, kisha akapiga magoti akamfunga kidevu mdomo usibaki wazi, na fundo lilikuwa bapa, zuri, la mtu aliyefundishwa.

Na kulikuwa na kitu kisichokuwemo. Mkaguzi alikuwa na penseli, hakuwa na daftari.

Alifungua ile fomu. Juu iliandikwa: Shimo la tatu, kina sentimita 120. Chini yake safu moja ya namba kwa kalamu ya buluu, usomaji wa kila robo saa: 40, 52, 63, 72, 80. Kisha muhuri mwekundu: IMEKATALIWA, KIGEZO NA. 7. Pembeni mwa safu ya buluu, mtu aliandika safu nyingine kwa penseli: 80, 68, 57, 48, 40. Alijumlisha kila namba na jirani yake. Zote zilifika mia na ishirini. Hakuelewa maana yake, akaikunja fomu na kuitia mfukoni, pamoja na futi na msumari.

Ofisi ya ujenzi vijijini ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la nondo na benchi la waombaji. Juu ya dirisha palibandikwa karatasi: MAJIBU HUTOLEWA DIRISHANI TU. Ndani alikaa karani wa kike, kijana, nadhifu, mwenye rula na mihuri mitatu iliyopangwa kwa urefu.

"Hiyo karatasi ina maana gani?" mpelelezi aliuliza.

"Maana yake ndiyo hiyo hiyo, afande. Mkaguzi haruhusiwi kumwambia mwombaji jibu kule kiwanjani. Zamani walikuwa wanaambiana, rushwa ikazidi. Sasa Futi anapima, ananyamaza, anaondoka. Jibu linatoka hapa."

"Na nani anaamua kama udongo unafaa?"

"Fomu."

"Fomu inajazwa na nani?"

"Na mimi. Futi anachana karatasi ya daftari lake anaiweka kwenye kikapu hiki. Nanakili namba. Naangalia kigezo. Vijijini hakuna mabomba ya maji taka, kila nyumba ina shimo lake, kwa hiyo udongo lazima unywe maji. Usipokunywa, hakuna kibali. Nagonga muhuri, injinia anasaini Ijumaa, zote kwa mkupuo."

"Anazisoma?"

"Afande, nimesema anasaini."

Mpelelezi aliomba rejista ya mwaka ule. Alipitisha kidole mstari kwa mstari, na kidole kikaanza kwenda polepole. Walionyimwa walikuwa wa mlimani, karibu wote. Waliopata walikuwa wa bondeni, kule kwenye matope ambako kila masika watu hubeba magodoro kichwani. Hapo ndipo kiini cha kesi kilipojionyesha, au ndivyo alivyodhani. Harufu ya rushwa haifichiki.

"Watu wa bondeni wana nini ambacho wa mlimani hawana?"

"Bahati, labda."

"Wanakuletea chochote?"

Karani alinyanyua macho. Hakukasirika, alionekana kama mtu aliyeulizwa kama huwa anakula chaki. "Afande, mimi sijawahi hata kuwaona. Nina miezi kumi na mmoja hapa. Mzee aliyekuwepo alistaafu, akaniachia funguo na mihuri. Kwenda viwanjani si kazi yangu, na vumbi linanipa mafua."

"Mama Mkunga unamjua?"

"Huyo namjua. Anakuja kila mwezi. Mara ya mwisho alishika nondo hizi akauliza, 'Binti, kasoro ni nini, niirekebishe?' Nikamwambia kigezo namba saba. Akauliza saba ndiyo nini. Nikamwambia aandike barua." Alinyoosha rula iliyokuwa imenyooka tayari. "Alisema ana matofali mabichi, mvua inayala. Lakini kila mtu ana yake, ningefanyaje?"

"Na Futi? Hakushtuka kurudishwa kiwanja kile kile mara tatu?"

"Futi alikuwa haoni barua. Alipima viwanja vitano kwa siku. Ila Jumatatu alikuja akaomba jalada la yule mama. Alilisoma amesimama. Akaniuliza, 'Hizi namba umezielewa?' Nikamwambia namba ni namba. Akaandika-andika na penseli yake, akachomoa fomu, akaondoka nayo. Alisema muhuri ukishagongwa haufutwi bila kipimo kipya, kwa hiyo anakwenda kupima upya. Na Jumatano atanichukua mimi na vumbi langu tukaone shimo wote wawili. Jumatano hakuja." Alirudisha muhuri mmoja kwenye mstari. "Mpaka leo sijui alitaka nione nini."

Mpelelezi pia hakujua. Alipanda mlima.

Kiwanja cha Mama Mkunga kilikuwa kikavu, kimefyekwa, vigingi vya mti vimesimama pembe nne. Mashimo mawili ya zamani yalifukiwa. La tatu lilikuwa wazi, jembamba la kuingia ndoo, refu hadi kifuani. Mvua haikuwa imenyesha kwa wiki tatu, na ardhi ilipasuka chini ya viatu, lakini ukingo wa shimo ulikuwa na tope lililokaukia katika umbo la magoti mawili. Upande wa pili ulipangwa ukuta wa matofali mabichi, umefunikwa nyasi. Safu za chini zilikuwa nzima. Za juu ziliyeyuka zikawa udongo uleule zilikotoka.

Ng'ambo ya njia palikuwa na chumba cha kupanga chenye ngazi tatu. Chini ya ngazi alikaa bibi mmoja kwenye kiti, miguu imefunikwa kitenge, haisogei. Nyuma yake, mlangoni, akatokea Mama Mkunga, mwanamke wa miaka sitini na kitu, mikono imekunjwa mbele kama mtu anayengoja zamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja tena."

"Nataka kupima shimo mwenyewe. Nahitaji maji."

"Ndoo saba," alisema, akaenda kuzichota.

Hakumruhusu mpelelezi asaidie. Alileta mbili mbili kutoka kisimani, akarudi mara ya nne na moja peke yake, akaimwaga ya mwisho polepole ili isichimbe ukingo. Mpelelezi alipigilia msumari ukingoni, akapiga magoti penye alama za magoti, akateremsha futi ya chuma kutoka kwenye msumari hadi ncha yake ilipogusa maji.

"Arobaini," alisema, akaandika. Saa yake ilisema saa tisa kamili.

Walikaa juu ya matofali. Hakukuwa na la kufanya ila kungoja, na wote wawili walikuwa mabingwa.

"Yule pale ni dada yako?"

"Dada yangu mkubwa. Alipooza upande. Zile ngazi tatu nambeba mimi, asubuhi kushuka, jioni kupanda. Ndiyo maana nyumba yangu nimeichora bila ngazi hata moja." Alionyesha vigingi kwa kidevu. "Chumba chake ni kile cha upande wa jua. Vuli ilikula matofali ya jiko. Masika yamekula chumba changu. Hiki cha dada ndicho kilichobaki."

Robo saa ilipotimu, mpelelezi alipiga magoti tena. Maji yalikuwa yameteremka. Hata bila futi yalionekana. Alisoma chuma pale msumarini.

"Hamsini na mbili."

Aliitazama namba hiyo. Akatoa fomu mfukoni, akaitazama namba ya pili ya safu ya buluu. Kisha akatazama tena shimoni, kule chini ambako maji yalikuwa yanakwenda zao. Futi alipima kutoka ukingoni, kwa kuwa ukingoni ndipo mtu anapoweza kupiga magoti. Maji yakishuka, futi inarefuka. Namba zilikuwa zinapanda kwa sababu maji yalikuwa yanashuka.

Na yule binti, mezani kwake, na rula yake, aliona namba zinapanda akaamini maji yanapanda. Hakuwahi kuona shimo. Kila udongo mzuri wa mlimani aliugongea muhuri mwekundu. Matope ya bondeni, ambako maji ya ardhini huingia shimoni na namba hushuka, aliyapitisha. Hakuna aliyehongwa. Karani aliyestaafu aliacha funguo, hakuacha maelezo.

Safu ya penseli ilikuwa ni Futi akijaribu kuligeuza kosa likae sawa: kina cha 120 ukitoa kila namba, unapata maji yaliyobaki shimoni.

Mpelelezi alirudi kwenye matofali. Swali moja lilikuwa limebaki.

"Mama, Jumanne ulimletea Futi ndoo ngapi?"

"Sikuwepo hapa Jumanne. Niliandikisha maelezo."

"Magoti yake yalikuwa na tope, na mvua haijanyesha. Maji hayakupanda yenyewe kutoka kisimani."

Mama Mkunga alitazama ndoo zake mbili.

"Kidevu chake kilifungwa bendeji. Fundo bapa. Koleo hajui kulifunga, wala mimi silijui. Na Koleo kesho asubuhi anapelekwa kizimbani."

"Koleo nilimpokea mimi alipozaliwa," alisema. "Alitanguliza miguu. Nilimhangaikia usiku kucha mpaka akalia."

"Najua. Mkewe ameniambia. Amekaa benchi tangu asubuhi."

Robo ya pili ilifika. Mpelelezi alipima, akataja sitini na nne, akaandika. Aliporudi, mama alikuwa amekunjua mikono.

"Miaka thelathini nimewaambia wanawake, mficha uchi hazai," alisema. Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Nilileta ndoo saba. Alipima kama unavyopima wewe. Kila robo saa anaandika, ananyamaza. Alipomaliza nikamuuliza, 'Safari hii vipi, mwanangu?' Akasema, 'Mama, jibu hutoka dirishani.' Na akacheka. Miezi kumi na mmoja, hakuwahi kunicheka. Aligeuka kung'oa msumari wake. Koleo lilikuwa hapa, nilipokaa. Sikumbuki kulinyanyua. Nakumbuka lilikuwa jepesi."

"Halafu?"

"Halafu nikawa mkunga tena. Nilimshika mshipa, hakuna. Nilimnyoosha. Nilimfunga kidevu, kwa sababu mdomo haungoji, hukakamaa wazi." Alivuta pumzi. "Kituoni ningekuja. Natafuta wa kumwachia dada. Nimeuliza nyumba nne. Wanasema watafikiria."

Mpelelezi aliandika yote hayo kwa mwandiko wake wa kawaida, mistari iliyonyooka. Robo ya tatu ilisoma sabini na tatu.

"Daftari lake unalo?"

Alilitoa kwenye pindo la nguo yake. Lilikuwa dogo, la jalada gumu, limepinda kwa jasho la mtu mwingine. "Nilitaka kuliona jibu. Ninajua kusoma chati ya homa, chati ya uchungu. Nimefungua hapo mwisho nikakuta namba tupu. Namba na duara."

Ukurasa wa mwisho ulisema: Jumanne, shimo la tatu, marudio. 40, 52, 64, 73, 81. Ile 81 ilizungushiwa duara mara mbili, penseli imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka.

Angeweza kunyamaza. Kazi yake ilikuwa imekwisha. Koleo angelala kwake usiku huo. Lakini mpelelezi alifikiri juu ya dirisha lile na karatasi yake, akaona kwamba kunyamaza kumekwisha kuua mtu mmoja.

Alimweleza. Alimweleza futi, ukingo, rula ya karani. Alimwonyesha safu ya buluu na ya penseli. Mama Mkunga alifuata kidole chake kama mwanafunzi msikivu, akaitikia kwa kichwa kila hatua.

"Kwa hiyo udongo wangu…"

"Ulifaa tangu shimo la kwanza."

"Na Jumanne alikuja kukataa tena, au?"

"Alikuja kukupa. Ilibidi apime upya ili muhuri ufutwe."

Ng'ambo ya njia dada mtu aliita kwa jina la utotoni, akiuliza kama maji ya kunywa yamebaki. Mama Mkunga alikuwa bado ameinamia fomu.

"Sasa alikuwa anacheka nini?" aliuliza.

"Alikuwa amekwishaliona jibu, mama. Alizuiwa kulisema."

Hakulia, wala mpelelezi hakutegemea alie. Machozi yake yalikuwa mbali bado, yangemfikia baadaye, pengine mahali pabaya zaidi. Mikono yake ilitafuta kitu cha kushika, ikapata tofali la juu, na kona ya tofali ikabaki kiganjani mwake kama unga.

Saa kumi kamili. Mpelelezi alipiga magoti mara ya mwisho, akateremsha chuma, akangoja ncha iguse.

"Ngapi?" mama aliuliza nyuma yake.

"Themanini na moja."

"Ndiyo imepita?"

"Imepita."

Aliitikia kwa kichwa. Akasimama, akajikung'uta unga wa tofali, akachukua ndoo mbili.

"Ningoje kidogo, mwanangu," alisema. "Nimpelekee dada maji, nimpandishe ngazi. Halafu twende."

Mpelelezi aling'oa msumari. Alivuka njia akamfuata, na wakambeba bibi yule pamoja, yeye miguuni na mama mabegani, ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu.